Baada ya ba, be, bi, bo, bu

Kiswahili kinampa mtoto nafuu ambayo watoto wa baadhi ya lugha nyingine hawaipati. Akishazishika irabu tano na konsonanti zake, anaweza kutamka karibu kila neno lililoandikwa mbele yake, liwe la gazetini, la kwenye mfuko wa unga au la kwenye kioo cha daladala. Hakuna herufi bubu za kumvizia. A ni a popote ilipo. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, ndiyo maana walimu wa darasa la kwanza tangu zamani wameanza na ba, be, bi, bo, bu, na mtoto akiunganisha ba na ba anapata baba.

Nafuu hiyo imepimwa katika lugha zinazofanana na yetu kwa namna zinavyoandikwa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Ufini, Ugiriki, Italia na Hispania, ambao lugha zao huandikwa karibu kama zinavyotamkwa, walisoma kwa usahihi karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, waliokuwa wakisoma kwa Kiingereza, walipata takriban theluthi moja tu. Ni kweli wa Scotland huanza shule wakiwa wadogo zaidi, lakini umri peke yake hauelezi pengo kubwa kiasi hicho. Kiswahili hakikuwamo katika ulinganisho ule, ila kwa maandishi yake kinakaa upande wa Ufini na Italia.

Kwa lugha nyepesi kusomeka namna hii, tungetarajia watoto wetu wawe miongoni mwa wasomaji wa mapema duniani. Sivyo ilivyo. Uwezo, mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuwapima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda majumbani mwao kwa jaribio la kiwango cha darasa la pili, ulitoa matokeo yaliyowashtua wengi: nchini Tanzania, watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya darasa la pili kwa Kiswahili. Serikali iliitikia. Mwaka 2015 mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliweka KKK mbele, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza, watoto wakaingia shuleni kwa wingi, na madarasa yakafurika. Kipindi cha dakika 30 kikigawanywa kwa watoto 60, kila mtoto anapata nusu dakika ya kusikilizwa, na hapo mwalimu hajasema lake hata neno moja.

Wazazi wengi wanaoliona tatizo hili hukimbilia kuigeuza nyumba kuwa darasa la pili la silabi. Wananunua chati ya herufi, wanamtafutia mtoto wa miaka minne twisheni, wanamkalisha na daftari la kunakili a a a a mpaka mstari uishe. Nia ni njema, na mimi kama mwalimu siwezi kumlaumu mzazi anayehangaikia mwanawe. Lakini naamini nguvu hiyo inakwenda mahali pasipo na upungufu mkubwa. Silabi shule inaweza kuzifundisha, hata ile yenye msongamano, kwa sababu watoto 60 wanaweza kuitikia pamoja. Jambo ambalo darasa kubwa haliwezi kulifanya ni kuzungumza na mtoto mmoja mmoja juu ya maana. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani, na ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa msomaji au mtamkaji.

Hesabu ya kuzidisha

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walipendekeza maelezo mafupi ya usomaji ambayo bado yanatumika duniani kote. Kusoma kwa kuelewa, walisema, ni zao la vitu viwili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa sauti na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walichagua kuzidisha badala ya kujumlisha, na uchaguzi huo una uzito wake. Ukizidisha namba yoyote kwa sifuri, unapata sifuri. Mtoto anayejua lugha vizuri lakini hatambui herufi hasomi. Na mtoto anayetamka kila neno bila kujua lina maana gani naye hasomi, ingawa masikioni mwa wageni sebuleni anaonekana msomaji hodari.

Hapa ndipo urahisi wa maandishi yetu unapotudanganya. Katika Kiingereza, mtoto asiyeelewa hujikwaa pia katika kutamka, na mzazi hushtuka mapema. Katika Kiswahili mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti ya kupendeza, baba akafurahi, na hakuna lililobaki kichwani. Dalili haijitokezi mpaka darasa la tatu au la nne, anapokutana na swali la mtihani linalomtaka aeleze kwa nini mhusika aliondoka nyumbani. Mtoto anarudi kwenye habari, ananakili sentensi yoyote yenye neno "aliondoka", basi. Tunasema anakariri, kumbe hakuwahi kufundishwa kwamba maandishi yanazungumza naye.

Neno moja, sentensi nzima

Kuna ugumu mwingine wa Kiswahili ambao vitabu vya malezi vilivyoandikwa ughaibuni havina habari nao. Maneno yetu ni marefu, na kila kipande kimebeba kitu. Chukua hawajatuletea. Mtoto aliyetoka tu kwenye ba, be, bi analikabili hivi: ha, wa, ja, tu, le, te, a. Silabi saba, zote rahisi. Lakini msomaji wa silabi kwa silabi ni kama anayehamisha maji kwa viganja: akifika mwisho, ya mwanzo yameshavuja. Ametamka vyote na hajui nani hakuleta, hakumletea nani, wala kama bado kuna matumaini ya kuletewa.

Habari njema ni kwamba mtoto huyo huyo, tangu ana miaka mitatu, anaijua sarufi hii kwa mdomo. Ukimwambia "Bibi hajafika" ataendelea kuchungulia dirishani. Ukimwambia "Bibi hakufika" atanuna. Ameshajua kwamba ja na ku hapo zinabadilisha mambo yote. Kazi ya mzazi ni kuyaunganisha masikio hayo na macho. Andika kwenye karatasi, moja chini ya nyingine: alifika, hakufika, hajafika, atafika. Soma naye, kisha uliza: "Katika hizi, ni ipi inayosema tuendelee kumsubiri?" Mnapokutana na neno refu kitabuni, lifunike kwa kidole, ufunue kipande kimoja kimoja kinachobeba maana: hawaja, tu, letea. Hawaja nani? Wao. Tu? Sisi. Baada ya maneno machache mtoto ataanza kuona vipande badala ya herufi, na kasi yake ya kusoma itapanda yenyewe bila kumhimiza aharakishe.

Kwa sababu hiyo hiyo, mzazi asimpime mtoto wake kwa kuhesabu maneno anayosoma kwa dakika na kumlinganisha na binamu yake anayesoma Kiingereza. Neno moja la Kiswahili mara nyingi ni kazi ya maneno manne au matano ya Kiingereza. Anayesoma pole pole akaelewa yuko mbele ya anayesoma mbio akatoka mtupu.

Masikio kabla ya macho

Kabla ya herufi ya kwanza kuna jambo ambalo nyumba zetu zililifanya vizuri kwa karne nyingi bila kujua kwamba wataalamu wangelipa jina. Mtoto anayejiandaa kusoma anahitaji kutambua kwamba neno limejengwa kwa vipande vya sauti vinavyoweza kutengwa, kuhamishwa na kuunganishwa upya. Watoto wa Waswahili walijifunza hili kwa kusema kinyume: silabi ya mwisho inahamishwa mwanzoni, nyumba ikawa mbanyu, kitabu kikawa bukita, sukari ikawa risuka. Ulikuwa mchezo wa kuficha siri wasisikie wakubwa. Kwa mtaalamu wa usomaji, ni zoezi zito la kuchezea silabi, na mtoto anayelimudu akiwa na miaka mitano au sita ameshafanya nusu ya kazi ambayo chati ya ukutani inajaribu kuifanya.

Ukitaka hatua nyepesi zaidi kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, pigeni makofi kwa silabi za majina ya watu wa nyumbani. Tafuteni vitu vyote vya jikoni vinavyoanza na sauti ya mwiko. Msipige mbio kuingia kwenye sauti moja moja. Kwa Kiswahili silabi ndiyo mlango wa kawaida, na sauti za ndani ya silabi zitamfunukia mtoto anapoanza kuandika.

Vitendawili vina kazi nyingine. Ukitega "Nyumba yangu haina mlango" na mtoto akahangaika mpaka akafika kwenye yai, amejifunza kwamba maneno yanaweza kusema kitu kimoja na kumaanisha kingine, na kwamba msikilizaji ana wajibu wa kutafuta. Ustadi huo ndio atakaouhitaji mbele ya hadithi isiyosema kila kitu. Hadithi za bibi baada ya paukwa na pakawa zinafanya vivyo hivyo kwa upana zaidi: zinamzoesha mtoto mwanzo, tatizo, mpindo na mwisho, na zinampa maneno ambayo hayasikiki katika mazungumzo ya kuagiza sahani na kukemea fujo.

Kwa hiyo mzazi asiyejua kusoma, au aliyeacha shule mapema, asijione hana mchango. Nusu moja ya ile hesabu ya kuzidisha iko mdomoni mwake. Hata lugha anayoizungumza si kikwazo. Katika nyumba ya Kisukuma, Kichaga au Kigiriama, hadithi na maelezo kwa lugha ya nyumbani yanajenga uwezo wa kufuatilia mambo, kueleza sababu na kukumbuka mpangilio wa matukio, na mtoto atauhamisha uwezo huo kwenye Kiswahili. Mzazi anayeacha lugha anayoimudu na kumsemesha mtoto kwa Kiswahili cha kubabaisha anampunguzia, hamwongezei. Kiswahili atakipata, mtaani na shuleni. Baba au mama mwenye mazungumzo marefu hampati mtaani.

Herufi zinaitwaje?

Kosa moja dogo la nyumbani linawagharimu watoto wengi muda. Siku hizi nyimbo za herufi kwenye simu ni za Kiingereza, na mtoto anafika darasa la kwanza akiimba majina ya herufi kwa Kiingereza bila kukosea. Kisha mwalimu anaandika E na kusema "e", wakati mtoto anajua hiyo inaitwa "i". Mwalimu anaandika I na kusema "i", na mtoto anajua hiyo inaitwa "ai". Irabu tano ambazo zingekuwa nguzo ya kila kitu zimeingiliwa na majina yanayogongana nazo.

Kama mtoto atasoma kwa Kiswahili kwanza, mpe sauti za Kiswahili kwanza: a, e, i, o, u, zilivyo, halafu m iwe ni ile sauti ya midomo iliyofungwa, s iwe ule mvumo wa hewa kwenye meno. Majina ya Kiingereza ayapate baadaye, na ayapate kama kitu cha Kiingereza. Kama anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, msimhamishe huku na huko ndani ya sentensi moja. Wekeni wakati wa Kiswahili na wakati wa Kiingereza, na kitabu cha lugha hii kisisomwe kwa sauti za lugha ile. Watoto wana uwezo mkubwa kuliko tunavyodhani. Pwani na visiwani watoto wengi wanakwenda madrasa wanakojifunza herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, na asubuhi wanasoma za Kilatini kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuchanganyikiwa, kwa sababu kila maandishi yana mahali pake, wakati wake na mwalimu wake.

Kitabu kimoja, maswali mengi

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba vitabu hakuna, au vipo na bei haishikiki. Ni kweli kwa nyumba nyingi. Lakini kitabu kimoja kikitumiwa vizuri kinazidi kumi vilivyopangwa kabatini. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, huko New York, walichapisha jaribio dogo lililobadilisha namna wataalamu wanavyotazama jambo hili. Wazazi wa watoto wa kati ya mwaka mmoja na miezi tisa na miaka mitatu hivi waligawanywa katika makundi mawili. Wote waliendelea kuwasomea watoto wao vitabu vya picha kwa mwezi mmoja, kwa wingi uleule. Kundi moja lilifundishwa jambo la ziada: kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na kuyapokea na kuyapanua majibu ya mtoto. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika kujieleza. Vitabu havikuongezwa. Mazungumzo ndiyo yaliyobadilika.

Tuseme ukurasa una picha ya mbuzi anayetafuna nguo iliyoanikwa kambani.

"Unaona nini hapa?"

"Mbuzi."

"Anafanya nini huyo mbuzi?"

"Anakula kanga."

"Kanga ya nani?"

"Ya mama."

"Mama akirudi atasemaje?"

Mtoto anafikiri, anacheka. "Atasema, wewe mbuzi utanilipa!"

"Eeh, atamdai fidia. Na mbuzi hana hela. Nani atalipa fidia?"

"Mwenye mbuzi!"

Hakuna herufi hata moja iliyosomwa hapo, na mengi yamefanyika. Mtoto ametaja, ameeleza tendo, ametabiri, amejiweka katika nafasi ya mtu mwingine, ameingia katika suala la nani anawajibika, na ameondoka na neno fidia, ambalo hakulijua. Kesho mkirudia ukurasa uleule, usimzuie akisema hadithi kabla hujaisoma. Kurudia kitabu si uvivu wa mtoto. Anapokijua, anapata nafasi ya kutazama maandishi yenyewe na kugundua kwamba alama hizi ndizo zinazosema maneno yale anayoyajua.

Vitabu vya bure navyo vipo kuliko wazazi wengi wanavyojua. African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014, ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na leseni yake inaruhusu kuzipakua, kuzichapisha na kuzigawa bila malipo. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa lengo hasa la kuhakikisha vinapatikana vitabu vya hadithi vya Kiswahili vinavyowafaa watoto. Na kitabu bora cha kuanzia unaweza kukitengeneza leo: kunja karatasi mbili za daftari, zishone katikati kwa uzi, mwambie mtoto akusimulie jambo lililomtokea, na uandike maneno yake mwenyewe, sentensi moja kila ukurasa. Picha achore yeye. Atakisoma bila kuombwa, kwa sababu anajua kila kilichomo, na atakuwa ameona kwa macho yake namna maneno yanavyotoka mdomoni na kukaa kwenye karatasi.

Usisahau maandishi yaliyomo nyumbani tayari. Katika nyumba nyingi za Waswahili, maandishi yaliyo mengi kuliko yote yako kwenye kanga. Kila kanga ina jina lake, yaani msemo mfupi uliochapwa kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali. Mtoto anaweza kutafuta herufi za jina lake humo, kisha akasoma neno moja, kisha msemo wote. Halafu linakuja swali zito: mama alipoinunua kanga hii, alikuwa anamwambia nani? Nyumba yenye kanga tano ina masomo matano ya kutamka na matano ya kufasiri. La kuangalia tu ni kwamba kanga huchapwa kwa herufi kubwa, ilhali vitabu vya darasa la kwanza hutegemea zaidi ndogo. Mwonyeshe mtoto A na a, G na g, kwamba ni zile zile.

Kuandika kwa sababu

Kuandika nyumbani kumegeuka kuwa kunakili. Mtoto anajaza ukurasa kwa neno ambalo hakulichagua, kwa ajili ya mtu ambaye hatalisoma. Mwandiko mzuri una thamani yake, lakini kuandika ni kumfikishia mtu ujumbe, na mtoto anapaswa kulijua hilo tangu siku ya kwanza. Mpe kazi za kweli: orodha ya kwenda nayo dukani, jina lake kwenye chupa ya maji, ujumbe wa kumwekea kaka mezani, salamu kwa shangazi mwishoni mwa meseji yako.

Siku moja mtoto wa darasa la kwanza akiandika orodha ya dukani, huenda ukakuta dizi, chuvi, mukaa. Kabla ya kushika kalamu nyekundu, tazama ameandika nini. Herufi nyingi ziko sahihi na kwa mpangilio sahihi. Amesikiliza, akachambua, akachagua alama. Katika ndizi na chumvi ameikosa sauti ya puani inayopita haraka mbele ya konsonanti nyingine. Katika mkaa ameongeza u, kwa sababu m inayosimama peke yake kama silabi inamshangaza mtu aliyezoea silabi zenye irabu. Makosa haya yana mantiki. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza watoto wa Tanzania, walichapisha mwaka 2003 utafiti unaoonyesha kwamba hata katika lugha yenye tahajia ya kawaida kama Kiswahili, kujifunza kuandika maneno si jambo jepesi, na makosa ya watoto yana ruwaza inayoeleweka.

Kwa sauti za puani, kuna zoezi ambalo watoto hulipenda. Mwambie abane pua kwa vidole ajaribu kusema ndizi. Neno litakwama mwanzoni. Akisema dizi, litapita bila shida. "Unaona? Pua inasema kitu mwanzoni. Tukiandikie herufi yake." Hatalisahau. Kwa r na l, hasa katika nyumba ambako lahaja au lugha ya kwanza haizitofautishi, usimcheke wala usimsahihishe kila sentensi. Tumia jozi zenye maana: kalamu na karamu, mahali na mahari. Anapoona kwamba kubadilisha herufi moja kunabadilisha kila kitu, anapata sababu ya kuwa makini.

Mkono nao una maandalizi yake, na hauhitaji penseli mapema. Kuchambua mchele, kufinyanga udongo, kufunga vifungo, kuchora mchangani kwa kijiti, vyote vinaimarisha vidole. Mtoto wa miaka mitatu anayelazimishwa kufuata mistari ya daftari anachoka mkono na kuichukia kazi kabla haijaanza. Kumpiga au kumwaibisha kwa sababu ya herufi iliyogeuka ni kumfundisha kwamba kitabu ni mahali pa hatari. Kugeuza b na d ni kawaida katika miaka ya mwanzo.

Simu inasaidia wapi

Kati ya mwaka 2017 na 2019, vijiji vya mkoa wa Tanga vilikuwa uwanja wa majaribio ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 2,700 walipewa kompyuta kibao zenye programu za Kiswahili wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa miezi 15. Zawadi kuu, iliyotangazwa Mei 2019, waligawana timu za onebillion na Kitkit School. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada yake idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio ya kuheshimiwa mahali ambapo wengi hawakuwa wamekanyaga shule. Ila kulikuwa na takwimu nyingine katika maelezo ya mradi ambayo haikupigiwa makofi: asilimia 80 ya watoto hao hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Mashine ilifungua mlango kwa wengi, ikawaacha wengi nje, na haikuweza kuwa yule mtu wa kuuliza nani atalipa fidia.

Basi tumieni simu kwa kile inachokiweza. Vipindi vya Ubongo, vinavyotengenezwa Dar es Salaam, vinamfundisha mtoto herufi na namba kwa Kiswahili chenye sauti sahihi, na ni afadhali mara nyingi kuliko katuni za kupoteza muda. Tazameni pamoja, kisha mtoto asimulie alichokiona. Simulizi ile ndiyo inayobaki.

Robo saa na kipimo chake

Kwa mzazi anayerudi amechoka, ninapendekeza robo saa, si saa mbili za Jumamosi. Dakika tano za mdomo: kitendawili, kinyume, au kusimulia siku ilivyokwenda. Dakika tano za kitabu kimoja chenye maswali. Dakika tano za kuandika kitu ambacho kuna mtu atakisoma. Kama siku nyingine imepatikana sehemu moja tu, chagueni ya mdomo. Kaka au dada wa darasa la tano anaweza kusimamia mara kwa mara, na yeye pia atafaidika.

Kipimo kiwe kimoja. Mtoto akimaliza kusoma, mwite mtu ambaye hakusikiliza, amsimulie kilichomo kwa maneno yake. Akiweza, anasoma, hata kama alikwama njiani. Asipoweza, rudini kwenye ukurasa pamoja bila hasira, mtafute maana ilipopotelea. Ikiwa anakaribia mwisho wa darasa la pili na bado silabi zenyewe zinamshinda, usisubiri akue: zungumza na mwalimu wake, na hakikisha ameshapimwa masikio na macho, kwa sababu wako watoto wanaoitwa wazito na kumbe hawasikii au hawaoni ubao vizuri.

Na katika mkutano ujao wa wazazi, baada ya ajenda ya madawati na uji wa shule, nyoosha mkono. Mwombe mwalimu wa darasa la kwanza aeleze watoto wanasoma sauti zipi mwezi huu, kitabu gani kinaweza kuazimwa nyumbani mwisho wa wiki, na wazazi waulize nini wanaposikiliza. Walimu wengi wana majibu hayo na hawajawahi kuulizwa. Wazazi wameombwa michango ya kila aina kwa miaka mingi, na mchango mkubwa kuliko yote, wa kuzungumza na mtoto juu ya kile alichokisoma, hauhitaji risiti wala kusubiri bajeti, na unaweza kuanza kabla ya chakula cha usiku wa leo.